Soma Bonde kwenye Ramani kabla ya Kuhamisha Boma

Machi 2010 mto Ewaso Ng'iro ulifurika ghafla na kusomba kambi za watalii huko Samburu. Mto huu huanzia Mlima Kenya na safu ya Aberdare, mbali na nyika kavu unazopita. Mfugaji wa chini anaweza kulala bila tone la mvua, na usiku huohuo maji yakamfikia zizini.

Ramani inayoonyesha miinuko husaidia kuchagua mahali. Ile ya kipimo cha 1:50,000 inafaa: sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Mistari myembamba ya kahawia ni kontua, na kila mmoja hupita mahali penye kimo kilekile. Ikibanana, pana mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare. Kontua ikivuka laga hupinda kama V, na ncha yake huelekea juu, maji yanakotoka. Fuata ncha hizo moja baada ya nyingine. Laga ndogo ambayo watoto huvuka na mbuzi kila asubuhi huenda inapokea maji ya vilima ambavyo hawajawahi kuviona.

Hesabu pia njia ya kwenda kunywesha. Tuseme kutoka mtoni hadi bomani ni sentimita 4, yaani kilomita 2, na njia inapanda ikivuka kontua 10. Kama tofauti ya kontua ni mita 20 (imeandikwa pembeni mwa ramani), mifugo itapanda mita 200 kila inaporudi. Mbuzi hawajali sana. Ng'ombe anayenyonyesha hutumia mlimani nguvu ambazo zingekuwa maziwa, hivyo njia ndefu kidogo yenye kontua zilizoachana inaweza kumfaa zaidi.

Lakini ukingo wa mita 4 hauonekani katikati ya kontua za mita 20, na kwenye mafuriko mita 4 hizo ndizo zinazoamua kila kitu. Hapo waulizeni wazee maji makubwa yalifika wapi. Tembeeni nao, mkitazama takataka zilizonasa kwenye matawi ya migunga. Angalieni na mwaka ramani ilipochapishwa, maana mto wa mchanga huhama. Kisha chora kwa penseli mstari wa mafuriko pande zote mbili za mto. Zizi la ndama, ambao hufungiwa usiku na hawawezi kukimbia, lijengwe juu ya mstari huo, hata kama kivuli kizuri kiko chini.