Kukimbia Si Kuwahi

Kila linapotoka tangazo la ajira za Zimamoto na Uokoaji, vijana wa mtaani kwetu hunifuata barazani. "Shikamoo mzee," wanakaa, wananiuliza sifa. Sifa zenyewe zimo kwenye tangazo: uwe raia wa Tanzania, uwe na cheti cha kidato cha nne au zaidi, afya njema, usiwe na rekodi ya uhalifu, usiwe na michoro mwilini. Anayeomba udereva awe na leseni ya magari makubwa. Mafundi umeme, mafundi bomba, wauguzi na wazamiaji nao huhitajika. Umri na vipimo vingine hubadilika tangazo kwa tangazo, kwa hiyo nawaambia wasome wenyewe, wasitegemee kumbukumbu yangu.

Mimi nawasimulia yale ambayo hayaandikwi. Nilianza kazi mwaka 1991, enzi zile tukiwa chini ya halmashauri na watu wakituita "watu wa faya". Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyotufanya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Nimestaafu salama. Lakini yapo makosa yangu ambayo nayakumbuka hadi saa yalipotokea, na ningependa wewe unayetaka kuvaa magwanda yale usiyarudie.

1. Kila moto una dawa yake

Nilikuwa na miezi minne kazini. Siku hiyo nilikuwa mapumziko, nimekaa kwa mama lishe nasubiri wali, karai la mafuta likashika moto. Watu walijua kazi yangu. Wote wakageuka kunitazama, nami nikaona aibu kubaki nimekaa. Nikanyakua ndoo ya maji, nikamwaga.

Moto ulipaa hadi kwenye mabati. Mama yule aliungua mkono wa kulia, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, na kovu lile nililiona kila aliponipakulia chakula miaka iliyofuata. Hakuwahi kunilaumu. Alidhani moto ndivyo ulivyo. Mimi ndiye niliyejua kwamba mfuniko wa sufuria uliokuwa karibu na goti langu ungeumaliza moto ule bila kelele.

Maji ni mazito kuliko mafuta. Yakiingia kwenye mafuta yanayowaka huzama, hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji hutoa mvuke wa lita kama 1,700. Mvuke huo ukitafuta njia ya kutokea ndio unaorusha mafuta na moto wake huku na huku. Haya nilikuwa nimefundishwa darasani wiki chache tu kabla. Niliyaandika vizuri kwenye daftari, na nilipotazamwa na watu yakanitoka yote.

Mbao, makaratasi na nguo utazizima kwa maji. Petroli inataka povu. Penye umeme, kata umeme kwanza. Mafuta ya jikoni funika, zima jiko, usinyanyue mfuniko upesi. Kijana anayenijia akiringia kifua na mbio zake namuuliza alipata nini kwenye fizikia na kemia. Ananishangaa. Atakuja kunielewa siku atakayosimama kwenye pampu, akikadiria presha kwa urefu wa mpira na kimo cha ghorofa, huku mtaa mzima ukimpigia kelele.

2. Uliza mara mbili

Simu ilisema moto uko Mtaa wa Sokoni, karibu na msikiti. Nilikuwa kiongozi wa gari. Nikaruka ndani, king'ora kikaanza, tukafika Mtaa wa Sokoni karibu na msikiti, tukakuta watu wanakunywa kahawa. Mji ule una Mtaa wa Sokoni zaidi ya mmoja. Swali moja la sekunde tano, "Sokoni ipi?", lingetuokolea robo saa na nyumba ya vyumba sita. Tangu siku hiyo sikuruhusu tairi lizunguke kabla ya kupata kata, alama ya jirani na namba ya mtu wa kutupokea barabarani. Na wewe ukipiga 114, usikate simu kabla hujaambiwa ukate.

3. Gari halikuja bila maji

Hakuna neno lililotuumiza kama hili: "Zimamoto wamekuja bila maji." Nimerushiwa mawe kwa neno hilo. Mara ya kwanza niliwajibu wananchi kwa matusi, na nikaendelea kuwajibu hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka nilipokaa chini na kufanya hesabu ambayo ningeweza kuwafanyia na wao.

Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi hilo lina dakika 10. Fungua mipira miwili, una dakika 5. Mtu aliyefika dakika ya sita anakuta askari wameshika mipira mikavu. Atasema nini? Atasema alichokiona.

Ndiyo maana kazi huanza kabla ya moto kuwaka. Gari linatakiwa likifika lianze kuzima, na wakati huohuo lipate maji kutoka kwenye bomba la zimamoto la mtaa, lile tunaloliita haidranti, au lifuatwe na gari lingine la maji. Usiku mmoja lilipoungua ghala la magodoro, nilijua kwenye ramani kwamba haidranti iko kona ya barabara. Nilikimbilia kona hiyo nikiwa na funguo mkononi. Juu yake palikuwa na duka la vifaa vya simu, sakafu imepigwa vigae. Ramani ile ilikuwa imebandikwa ukutani kwetu miaka mitatu, na ukaguzi wa haidranti za eneo lile ulikuwa jukumu langu. Nilikuwa nikipita kwa gari, natazama kwa mbali, naweka alama ya tiki.

Ukiajiriwa utapangiwa ukaguzi wa majengo, mabomba, vizimia moto, milango ya dharura. Utaona ni kazi ya makaratasi, utatamani zamu ya gari. Mimi nimeona maghala na mabweni yakiungua, na naamini ukaguzi mmoja wa kweli huokoa watu wengi kuliko mbio zangu zote za miaka 31. Shuka kwenye gari. Gusa. Fungua maji yatoke.

4. Shimo halimjui shujaa

Simu ilikuwa imetumbukia kwenye shimo la choo. Kijana wa miaka kama 20 akashuka kwa kamba kuifuata, akanyamaza. Kaka yake akashuka kumfuata, naye akanyamaza. Tulipofika, mama yao alikuwa amepiga magoti ukingoni anawaita kwa majina.

Nilivua koti. Nilikuwa mwembamba, shimo lilikuwa jembamba, na nilimsikia mama yule. Nilishaweka mguu mmoja ndani sajenti wangu aliponidaka mkanda kwa nyuma na kunibwaga chini mbele ya umati. "Vaa mtungi," akasema. Nikamwambia, "Afande, wanakufa!" Akarudia, "Vaa mtungi."

Mama alinilaani kwa zile dakika chache nilizotumia kuvaa. Nilimchukia sajenti kwa wiki nzima. Vijana wote wawili tuliwatoa wakiwa wamekwisha kufariki, na nilikuwa nimeamini moyoni kwamba ni kuchelewa kwetu ndiko kulikowaua.

Baadaye sana, kwenye mafunzo, ndipo nilipoelewa kilichokuwa mle. Uozo hula hewa na kutoa gesi. Mojawapo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, hivyo unadhani hewa imesafika. Pumzi chache tu na mtu anaanguka. Kaka aliyemfuata mdogo wake hakukosa nguvu wala akili. Alikosa hewa. Nami ningekuwa wa tatu, na mama yule angeita jina la nne kama sajenti angenifuata.

Jambo jingine lililonishangaza: ule mtungi mgongoni si wa oksijeni, kama watu wengi wanavyoamini na kama nilivyowaeleza jamaa zangu kijijini kwa majivuno. Ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Na dakika zake si sawa kwa kila mtu. Mwenye hofu anaimaliza upesi, mwenye utulivu anabaki nayo. Kwa hiyo kujifunza kupumua taratibu, ukiwa umebeba mzigo, gizani, ni sehemu ya sifa za kazi, ingawa hakuna cheti chake. Yule sajenti amekwisha kutangulia mbele za haki. Sikuwahi kumshukuru kwa maneno.

5. Anayelia anapumua

Kwetu zimamoto na huduma ya wagonjwa wa dharura ni kazi mbili zinazokutana barabarani. Katika miji mingi ya Marekani askari mmoja huzifanya zote, anazima moto na kumtibu majeruhi kwenye gari la wagonjwa. Hapa sisi tunakata chuma, tunamtoa mtu, tunampa huduma ya kwanza, tunamkabidhi kwa wauguzi na madaktari. Hivyo nilidhani huduma ya kwanza ni bandeji.

Basi lilikuwa limepinduka Barabara ya Morogoro, alfajiri. Mwanamume mmoja aliyevunjika mguu alikuwa akipiga kelele zilizofunika zote. Nilimkimbilia. Nilimfunga mguu vizuri sana, kwa mbao na vitambaa, nikajisifu kimoyomoyo. Njiani nilikuwa nimempita binti aliyekaa ameegemea kiti, kichwa kimeinama, kidevu kimegusa kifua. Nilidhani amepumzika.

Alikuwa amezimia, na ile namna shingo ilivyokunjwa ilimziba njia ya hewa. Muuguzi aliyekuwa abiria wa gari jingine ndiye aliyemfikia, akamnyanyua kidevu huku ameishika shingo isiyumbe. Ilikuwa imechelewa. Hakuwa na jeraha kubwa. Palihitajika mikono miwili na utulivu, kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuchagua mbao nzuri.

Anayelia anapumua. Nenda kwanza kwa aliyenyamaza. Tazama kifua, sikiliza pumzi, fungua njia ya hewa, kandamiza damu inayobubujika, ndipo uje kwenye mifupa. Palipo na majeruhi wengi tunawagawa kwa rangi: nyekundu wa haraka, njano anayeweza kusubiri kidogo, kijani anayetembea, nyeusi ambaye hatuwezi tena kumsaidia. Kumpa mtu rangi nyeusi na kupita ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya kazini, na sitamdanganya mtu kwamba huzoeleka.

Baada ya basi lile niliomba kila kozi ya huduma ya kwanza iliyokuwapo. Nilijifunza kukandamiza kifua cha mtu mzima kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kwamba mkandamizaji huchoka baada ya dakika mbili tu hata akiwa na kifua cha mbao, kwa hiyo mpokeane. Kama unaweza kusomea uuguzi au utabibu kabla ya kuomba, soma. Hutajuta.

6. Nyumbani pia ni kazini

Binti yangu wa pili alimwagikiwa uji wa moto akiwa na miaka mitatu. Mkwe wangu alikuwapo, mama mtu mzima, akaleta dawa ya meno. Nilijua. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa shule kadhaa kwamba kilichoungua humwagiwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, pasipakwe dawa ya meno, asali, yai wala unga, ndipo aende hospitali. Nikanyamaza kwa heshima ya mkwe. Hospitali ilibidi waikwangue ile dawa kwenye ngozi mbichi, na mimi ndiye niliyemshika mwanangu mikono. Heshima ningeweza kuitunza kwa kusema, "Mama, naomba tutangulize maji." Maneno manne.

7. Umati nao ni moto

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka Msamvu, Morogoro. Watu wakaja kuchota petroli, ikalipuka, na waliofariki walizidi 100. Sikuwa zamu huko. Lakini niliposikia nilikaa chini, kwa sababu miaka ya nyuma nilisimamia lori lililoanguka kwetu na nikawaacha watu wachote. Niliona ni wengi, ni wakali, ni maskini kama mimi. Nikaelekeza askari wangu kwenye kutandaza mipira. Siku ile haikulipuka, na kwa miaka mingi nilihesabu kuwa nilifanya kazi nzuri.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji hadi ukutane na sigara au betri mbali na lori lenyewe. Kuwaondoa watu ndiyo kazi ya kwanza, na kwa kazi hiyo unahitaji sauti, lugha ya watu wa pale, mwenyekiti wa mtaa, polisi, shehe, mchungaji, yeyote wanayemsikiliza. Jifunze kuongea na watu waliokasirika. Mimi nilichelewa.

8. Sema usiku wa kwanza

Baada ya yule binti wa basini sikumwambia mtu. Nikawa mkali nyumbani, nikawa sili mezani na watoto. Mke wangu aliniuliza mara ngapi sijui. Miaka sita ilipita kabla sijamsimulia, jikoni, anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, hakusema neno, kisha akaniuliza alikuwa amevaa nini. Nikamjibu: gauni la kijani, na viatu vipya. Usiku huo nililala mpaka adhana.

Siku hizi sina zamu. Asubuhi natembea kwa ajili ya magoti, na mfukoni naweka daftari la haidranti za kata yetu. Wiki iliyopita nimekuta kibanda kipya cha chipsi kimekaa sawasawa juu ya mfuniko mmojawapo. Nimeongea na mwenye kibanda mara mbili, kijana msikivu, tatizo lake ni fundi wa kukihamisha. Jumamosi naenda na wanangu wawili na mtaimbo. Tutakisogeza hatua nne.