Kubadilisha sindano tu hakumkingi mteja wa saluni

Sindano za urembo huchomwa ili kubadili mwonekano wa mtu, si kutibu ugonjwa. Zinazojulikana zaidi ni glutathayoni ya kung'arisha ngozi, ambayo mara nyingi huchanganywa na vitamini C, fila za kujaza midomo na mashavu, na zile za kukuza makalio. Tangu mwaka 2019 krimu na vipodozi vingine viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini dawa ya kuchoma ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na anayeichoma anatakiwa awe mtaalamu wa afya aliyesajiliwa na baraza la taaluma yake. Saluni hufunguliwa kwa ajili ya kusuka na kupamba. Hata duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano.

Msomaji wa Muleba, mkoani Kagera, anauliza iwapo sindano ya kung'arisha ni salama endapo mchomaji anafungua sindano mpya mbele ya mteja na kupangusa kwa spiriti, huku bomba na kichupa vikitumika kwa wateja kadhaa. Jibu ni hapana. Swali hili huja kila mara kwa sura tofauti, na imani iliyo nyuma yake inaumiza watu.

Bomba na sindano ni njia moja ya maji. Sindano inapochomolewa mwilini, mgandamizo hubadilika na chembe ya damu isiyoonekana kwa macho huweza kunyonywa hadi kwenye shingo ya bomba. Hilo hutokea hata kwa sindano ya msuli, na hata kama mchomaji hakuvuta damu makusudi. Sindano mpya ikifungwa kwenye bomba hilo, uchafu unakuwa umeshaingia kabla haijamgusa mteja wa pili. Bomba likirudishwa kwenye kichupa kuongeza dawa, kichupa kizima kinachafuka, na kila atakayechomwa kutoka humo yuko hatarini, hata akiletewa bomba jipya kabisa. Mwaka 2008 huko Las Vegas, Marekani, makumi ya maelfu ya watu waliitwa kupimwa baada ya kugundulika kwamba kliniki moja ilibadilisha sindano lakini ikarudia mabomba na vichupa. Baadhi yao walikuwa wameambukizwa homa ya ini aina ya C. Mwaka 2018, jimboni New Mexico, uchunguzi ulianza kwenye saluni iliyowachoma wateja usoni kwa damu yao wenyewe, na baadaye ikathibitika kwamba baadhi yao walipata VVU hapo. Hawakufuata tiba, walifuata urembo.

Spiriti nayo imepewa sifa isiyo yake. Kwenye pamba husafisha ngozi, lakini haiingii kwenye tundu la sindano wala haifiki ndani ya bomba. Kuchemsha hakusaidii: bomba la plastiki hulegea, na mbegu za bakteria kama wa pepopunda hustahimili maji yanayochemka. Kirusi cha homa ya ini B huweza kubaki hai siku 7 au zaidi kwenye kitu kikavu. Kile cha C kimewahi kukutwa hai ndani ya bomba baada ya wiki kadhaa.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na wakazi wake wanaijua VVU vizuri. Homa ya ini haiogopwi kiasi hicho, na hilo ni kosa. Kwa mchomo mmoja wa sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kupata VVU ni takriban 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, unaweza kufika 30 katika 100. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo hana kinga ya chanjo isipokuwa aliitafuta mwenyewe.

Utaratibu sahihi unaonekana kwa macho. Mchomaji ananawa mikono kwa sabuni, anafungua bomba na sindano kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, anavunja kichupa cha mtu mmoja chenye lebo na tarehe inayosomeka, kisha vyote vilivyotumika vinaingia moja kwa moja kwenye sanduku la usalama. Usafi huo, hata hivyo, haufanyi kila dawa ifae. Hakuna silikoni ya maji iliyo salama kuchomwa makalioni, kwa sababu inaweza kuhama na kuziba mishipa ya mapafu. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino imeonya kuwa sindano za glutathayoni za kung'arisha zinaweza kudhuru ini na figo. Mishipa ya uso huungana na ya jicho, hivyo fila ikiingia kwenye mshipa inaweza kupofusha, na asiye na dawa ya kuiyeyusha mkononi hapaswi kuichoma.

Kinachosikitisha zaidi ni kuchelewa. Pahali palipochomwa panavimba, mtu anakandwa kwa maji ya moto, anabandikwa majani, anatobolewa kwa wembe, na wiki tatu zinapita kwa aibu. Kukanda na kufinya husambaza usaha. Uvimbe unaotokea wiki kadhaa baadaye huenda ni bakteria wa jamii ya kifua kikuu wasiosikia amoksilini ya dukani, na matibabu yake huchukua miezi. Maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe au yenye mabaka, macho kufifia au pumzi kubana ni jambo la kukimbilia hospitali saa ileile.

Aliyechomwa kwa bomba la kurudiwa aende hospitali siku hiyohiyo, iwe ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, Rubya, Ndolage au Kagondo, na aseme ukweli wa alichochomwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU (PEP) lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka. Anayeishi kwenye visiwa vya Bumbire au Goziba ahesabu humo na muda wa boti. Chanjo ya homa ya ini B nayo huanza mara moja, na kipimo cha VVU hurudiwa baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3, hata kama cha kwanza kilikuwa safi.