Kwa Matatu Hadi Ziwani: Maswali ya Watembezi wa Meru na Embu

Watu wanaotaka kutembea kandokando ya maziwa ya Meru na Embu huniuliza kwanza habari ya nauli, kisha njia. Wana haki. Vitabu vingi vya safari vimeandikwa kwa ajili ya mwenye gari kubwa la kupanda mlima, na mwanafunzi wa Chuka au karani wa Embu mwenye Jumamosi moja mkononi haoni mahali pake humo. Haya hapa ni majibu yangu kwa maswali yanayorudi mara kwa mara.

Mwalimu, matatu itanifikisha ziwani, au nitashushwa njiani nianze kuhangaika?

Utashushwa njiani, kwa hiyo kazi yako ni kujua ni njiani wapi. Barabara kuu inatoka Makutano ya Mwea, inapita Embu, Runyenjes na Chuka, inafika Nkubu, kisha Meru mjini. Magari ni mengi kutwa nzima. Aliye Nairobi anapandia kituo cha Tea Room. Maziwa yenyewe, hata hivyo, yako mbali na barabara: mengine juu katika Mlima Kenya, mengine chini katika bonde la Tana.

Kabla ya kulipa nauli uwe na majibu matatu. Kutoka lami hadi majini ni umbali gani? Msitu au hifadhi unayoipita iko chini ya nani? Na gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi? Hilo la tatu ndilo watu husahau. Mwenye gari akichelewa anaendesha gizani. Wewe ukichelewa unalala ulipo.

Nianzie ziwa gani? Sijawahi kupanda mlima.

Anza na Nkunga, na usiharakishe kulimaliza. Liko ndani ya Msitu wa Imenti, kilomita chache kutoka Meru mjini upande wa barabara ya Nanyuki, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,780. Panda matatu za kwenda Timau au Nanyuki, umwambie utingo mapema kwamba unashukia Nkunga, kisha umalizie kwa miguu au bodaboda. Kwa hewa na miguu ya mtu wa kawaida, hakuna ziwa lingine katika eneo hili linalofikika kwa urahisi hivi.

Ni shimo la volkeno lililojaa maji, moja ya matundu madogo yaliyofumuka kandokando ya Mlima Kenya zamani sana. Kwa hiyo huoni ziwa ukiwa mbali. Unatembea chini ya miti, ardhi inainuka kidogo, halafu inashuka ghafla na maji yako chini yako, yamezungukwa na msitu pande zote. Inua macho pia. Mbega weusi kwa weupe hupenda matawi ya juu, na mara nyingi utasikia majani yakitikisika kabla ya kuona mkia mrefu mweupe. Katika msitu huohuo wa Imenti kuna miti ya muuru, ile ambayo mbao zake zimejenga makanisa na samani nyingi za Meru. Mkubwa wao kabisa wenyeji wanauita King Muuru, nao unastahili safari yake mwenyewe.

Usiingie peke yako. Tembo wa Mlima Kenya hufika msitu huu, na tembo kwenye njia nyembamba hana subira. Pitia ofisi ya Huduma ya Misitu (KFS) mjini Meru, uombe askari wa msitu au mwelekezi wa chama cha jamii cha misitu.

Bibi yangu ananikataza kwenda Nkunga kwa sababu ya nyoka. Nimjibu nini?

Msikilize kwanza, umwombe akusimulie yote. Wameru wamesimulia kwa vizazi vingi habari za nyoka mwenye vichwa saba aliyeishi katika ziwa hilo, na ziwa limeheshimiwa kama mahali patakatifu. Mimi naamini heshima hiyo imesaidia kulinda maji kwa namna ambayo seng'enge isingeweza. Kwa hiyo nenda, lakini uende kama mgeni wa nyumba ya watu: usioge humo, usirushe mawe, usipige muziki, usiache hata ganda la ndizi.

Mwambie bibi pia kwamba wanasayansi wanayathamini maji haya kama yeye. Juu zaidi katika msitu wa upande huu wa mlima, kwenye mita 2,350, kuna ziwa jingine la volkeno linaloitwa kwenye ramani Sacred Lake. Mtafiti J. A. Coetzee wa Afrika Kusini alichunguza chavua iliyozama katika tope lake, na mwaka 1967 akachapisha matokeo. Chavua hiyo ilionyesha kwamba enzi za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, mahali penye msitu mnene leo palikuwa na nyasi na vichaka vya baridi kama vile vinavyoota sasa juu kabisa mlimani. Tope la Nkunga nalo limechunguzwa baadaye kwa maswali kama hayo. Mtu anayetupa chupa humo anachafua kumbukumbu ya mvua na ukame wa maelfu ya miaka.

Vijana wote wanaweka picha za Lake Ellis. Naweza kwenda na kurudi Nairobi siku moja kwa matatu?

Hapana, na usikubali rafiki akudanganye. Vikundi vinavyofanya hivyo huondoka usiku wa manane kwa basi la kukodi, na magari yenye nguvu huwa yanawasubiri Chogoria. Wewe panga siku mbili.

Siku ya kwanza fika Chogoria mchana. Mji umejitenga kidogo na barabara kuu. Matatu nyingine huingia hadi ndani, nyingine zitakushusha njia panda umalizie kwa bodaboda. Kutoka mjini hadi lango la mbuga ya Mlima Kenya ni karibu kilomita 30 za barabara ya udongo, kwanza msitu mnene, kisha mianzi. Usijaribu kuzitembea, kwa sababu nyati na tembo hutumia barabara hiyohiyo. Jiungeni watu kadhaa mkodi Land Rover ya wenyeji. Kukiwa kukavu bodaboda nazo hupanda, lakini mvua ikinyesha udongo ule mwekundu hauna huruma hata kwa dereva mzoefu. Karibu na lango, kwenye mita 2,950 hivi, kuna mabanda ya kulala, na kulala huko kunaupa mwili nafasi ya kuzoea hewa.

Asubuhi unapanda kwa karibu saa tatu. Mianzi inabaki nyuma, vichaka vya erika vinaanza, vimening'iniwa na ndevu za kijivu za kuvumwani, halafu nchi inafunguka kuwa nyasi za mafungu zilizolowa umande hadi magotini. Ziwa lenyewe liko wazi kwenye mita 3,455 hivi, chini ya kilima cha Mugi, bila mti wa kukukinga upepo. Kulizunguka ni tambarare, ila ukingo una matope, basi tembea juu kidogo ya maji. Kichwa kikikuuma sana, ukatapika au ukaanza kupepesuka, shuka papo hapo. Usingoje rafiki amalize picha.

Shirika la Wanyamapori (KWS) halimruhusu mtu kuingia mlimani peke yake, na malipo yake hufanywa kwa eCitizen. Lipia ukiwa mjini, kwenye mtandao wa uhakika.

Na Michaelson? Rutundu?

Michaelson liko ndani kabisa ya bonde la Gorges, chini ya jabali refu, karibu mita 4,000. Ni safari ya hema, mwelekezi na siku kadhaa, ingawa inaanzia lango lilelile la Chogoria. Maziwa ya Rutundu na Alice, upande wa kaskazini-mashariki, ndiko mwanamfalme William wa Uingereza alikomchumbia Kate Middleton mwaka 2010. Ni pazuri mno, lakini bila gari la kupanda mlima siwezi kukushauri uanze huko.

Mimi ni wa Embu. Kwa nini unatusahau? Tuna maji mengi kuliko Meru.

Mna maji mengi, na viboko wengi. Mabwawa ya Tana, Kamburu la mwaka 1974, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, yanaonekana kwenye ramani kama maziwa ya kutembelea. Matatu za Embu kwenda Kiritiri zinakusogeza karibu. Lakini ukingo wa bwawa si njia ya matembezi. Mamba hulala pale unapotaka kukaa, kiboko hutoka majini jioni kwenda kula, na kiasi cha maji hubadilika, kwa hiyo mahali palipokuwa pakavu mwezi jana leo ni tope la kukuzamisha. Wavuvi wa Mbeere wanaoyajua maji hayo kwa miaka bado huumizwa.

Hifadhi ya Mwea, iliyotangazwa mwaka 1976 pale mto Thiba unapoingia Tana, ina ukingo mzuri wa Kamburu, ila humo tembea na askari wa wanyamapori tu. Pendekezo langu kwa mtu wa matatu ni kupanda mlima badala ya kushuka majini. Shika gari la Siakago, uende Kiang'ombe, mita 1,804, na mwenyeji akuongoze. Ukiwa juu unaitazama nchi yote ya Mbeere ikiteremka kuelekea Tana. Anza alfajiri, saa tano Mbeere huwa jua limekwisha kuwa kali.

Niende miezi gani, na nirudi saa ngapi?

Januari na Februari ndiyo bora, na Septemba pia. Upande huu wa mashariki ndio unaopokea mvua nyingi ya mlima, kwa hiyo Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba barabara ya Chogoria inaweza kukufungia. Julai huwa na ukungu.

Kuhusu saa, nakusihi usafiri mchana. Mteremko wa daraja la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria, umeua watu miaka mingi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Magari ya miraa nayo hukimbilia Nairobi kwenye barabara hiyohiyo, na hayapunguzi mwendo kwa mtembezi aliye ukingoni mwa lami. Ukitoka msituni saa tisa utapata gari la jioni bila wasiwasi. Ukiona saa kumi na moja imekukuta bado uko juu, tafuta chumba Chogoria au Meru, umpigie simu anayekungoja nyumbani, uondoke kesho.

Mwelekezi nimlipe kiasi gani?

Patana naye kabla ya kuanza, mbele ya wenzake, kwa siku nzima badala ya kwa saa, na uulize kama chakula chake kimo. Usimpunguzie kwa sababu umekuja na matatu. Anakuonyesha njia ileile anayomwonyesha mwenye Land Cruiser, na watoto wake wanasoma shule zilezile.