Uzi umo kwenye shina la mgomba

Ukishakata mkungu kihambani, usimpe ng'ombe shina lote. Bandua kwanza maganda ya nje, ndiyo yenye nyuzi imara. Ya ndani yamejaa maji, hayo mwachie ng'ombe.

Kwangua siku hiyohiyo, ganda likiwa bichi. Lilaze kwenye ubao, tumia kisu butu (kikali kitakata nyuzi), vuta upande mmoja mpaka nyama yote itoke. Suuza, anika kivulini. Na vaeni nguo kuukuu jamani, utomvu wa mgomba hautoki!

Nyuzi hizi kwa sehemu kubwa ni selulosi. Maabara huiyeyusha kwa kemikali na kuisukuma kwenye vitundu vidogo, ikatoka uzi laini. Sisi tunasokota kwa mkono, tunapata kamba na vikapu.

Shina lililobaki lipasue likauke, maana fukusi huzaliana humo.