SOMO LA AFYA: MACHO MAKAVU NA KAZI YA SHAMBA

Katika somo la mwezi huu twataka kueleza ugonjwa usioua mtu wala kumlaza kitandani, lakini ambao humpunguzia mkulima kazi kila siku iendayo kwa Mungu. Ugonjwa huo ni ukavu wa macho.

Mwenye ugonjwa huu huhisi kana kwamba mchanga umeingia machoni. Macho humchoma, huwa mekundu na huchoka upesi. Huona kama kwa ukungu, kisha akipepesa huona vizuri tena kwa kitambo kidogo. Tena kuna jambo la kushangaza. Wengi wao hutokwa na machozi mengi, hasa wakipigwa na upepo. Mtu kama huyo akiambiwa kuwa macho yake ni makavu hucheka. Basi tuanze hapo.

1. MACHOZI NI NINI?

Machozi si maji matupu. Juu ya jicho kuna utando mwembamba sana wenye vitu vitatu. Cha kwanza ni ute, ambao huyafanya maji yashike juu ya jicho na kuenea sawasawa. Cha pili ni maji yenyewe, ambayo hutoka katika tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Cha tatu ni mafuta, ambayo hutoka katika vitundu vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope.

Mkulima wa Mwea au Perkerra atafahamu upesi. Maji ni kama yale ya mfereji. Ute ni kama udongo mzuri ushikao maji. Mafuta ni kama matandazo tuyawekayo juu ya udongo ili jua lisinyonye unyevu. Shamba lisilo na matandazo hukauka hata kama mfereji haujafungwa. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi wenye macho makavu: mafuta yameganda katika vitundu vyake, na maji hukauka upesi mno.

Jicho likikauka huuma, na likiuma tezi hufungulia maji mengi kwa ghafula. Maji hayo huteremka shavuni kama mvua ya dhoruba ipitayo juu ya ardhi ngumu. Ndiyo sababu mtu hutokwa na machozi na jicho lake likabaki kavu.

2. SABABU ZAKE

Umri ni sababu kubwa. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, hasa wakiisha kukoma hedhi.

Upepo, vumbi na moshi huzidisha. Katika skimu za nchi ya joto, upepo mkavu hupiga macho mchana kutwa. Katika nchi ya baridi kama Kinangop, watu hufunga madirisha na kuota moto, nao moshi huwakaa machoni. Wakati wa kupura mpunga au kupukuchua mahindi, vumbi humfikia kila mtu.

Dawa nyingine hukausha macho: baadhi ya dawa za mafua na za mzio, dawa za presha zinazomfanya mtu kukojoa sana, na baadhi ya dawa za huzuni. Usiache dawa ya daktari kwa shauri lako mwenyewe. Mwulize kama yaweza kubadilishwa.

Magonjwa mengine huleta ukavu, kama ugonjwa wa sukari na baridi yabisi. Mwaka wa 1933 daktari wa Uswidi, Henrik Sjögren, alieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate. Kwa hiyo mtu ambaye macho na kinywa chake ni vikavu, na viungo vyamwuma, hana budi kupimwa. Trakoma, ambayo wengine huiita vikope, nayo huacha makovu ndani ya kope na kuharibu machozi.

Sababu nyingine ni simu. Mtu akizungumza na wenzake hupepesa macho mara nyingi kila dakika. Akitazama simu hupepesa mara chache zaidi, na pengine hafumbi kope sawasawa. Jicho lisilopepesa ni shamba lisilonyweshwa.

Jihadhari na jambo moja kuhusu watoto. Mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri giza liingiapo huenda amekosa vitamini A. Huo si ugonjwa wa kungoja, kwa maana waweza kumpofusha. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Watoto wa miezi 6 hadi miezi 59 hupewa vitamini A kila baada ya miezi 6; usikose zamu yako. Nyumbani wape viazi vitamu vya rangi ya machungwa, sukuma wiki, karoti, papai, mayai, maziwa na maini.

3. MATUNZO YA KILA SIKU

Ukavu wa macho ni kama magugu: hauondoki kwa palizi moja. Anayepalilia kila siku hufanya kazi yake kwa raha, na anayengoja mpaka shamba lifunikwe hutaabika. Fanya hivi:

(a) Kanda macho. Chemsha maji, uyaache yapoe mpaka mkono uweze kuyavumilia. Chovya kitambaa safi, ukamue, uweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Kitambaa kikipoa kichovye tena. Joto huyeyusha mafuta yaliyoganda. Kisha, kwa kidole safi, sugua kope polepole: ya juu kuelekea chini, na ya chini kuelekea juu. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa majuma kadhaa kabla ya kusema haifai.

(b) Safisha ukingo wa kope kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila mtu awe na kitambaa chake.

(c) Pepesa kwa kusudi. Fumba macho polepole, yabane kidogo, kisha fungua. Usomapo au utazamapo simu, kila baada ya dakika 20 inua macho utazame mbali.

(d) Kinga macho. Vaa kofia pana, na miwani yenye kinga ubavuni wakati wa vumbi. Upepetapo nafaka, usisimame upande ambako makapi yanapeperushwa. Pika kwa kuni kavu, mahali pa kutokea moshi.

(e) Tumia machozi ya chupa. Haya ni matone ya kulainisha jicho, na mengi yana hipromelosi au karmelosi. Wengi hutumia mara 4 kwa siku. Ukihitaji zaidi ya hapo, omba yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa kuwa dawa hiyo ikizidi huchoma jicho. Vuta kope ya chini, tia tone moja, na mdomo wa chupa usiguse jicho. Andika tarehe uliyofungua. Chupa nyingi hutupwa baada ya siku 28. Soma karatasi yake.

Watu wengine hununua vidonge vya mafuta ya samaki. Mwaka wa 2018 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kujaribu vidonge hivyo kwa mwaka mzima kwa watu 535 wenye macho makavu. Waliopewa mafuta ya samaki hawakupata nafuu zaidi ya wale waliopewa mafuta ya zeituni. Afadhali fedha hizo zinunue matone.

4. DAWA ZA KUOGOPWA

Soma sehemu hii mara mbili. Madukani kuna matone yenye deksamethasoni au betamethasoni. Ukiyatia, wekundu na maumivu huondoka upesi sana, nawe utamsifu mwenye duka. Hapo ndipo penye mtego. Yakitumiwa muda mrefu pasipo daktari huweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea, tena bila maumivu yoyote ya kukuonya. Kuona kulikopotea hivyo hakurudi. Huweza pia kuleta mtoto wa jicho. Na kama jicho lilikwaruzwa na jani la muhindi likaingiwa na kuvu, matone hayo huisaidia kuvu na jicho huoza. Daktari huyatoa kwa siku chache, huku akipima macho. Usiyanunue kwa sababu yalimsaidia jirani.

Wala usitie jichoni maziwa, mate, mkojo, asali wala utomvu wa miti. Vitu hivi huingiza vijidudu, na vingine huunguza.

5. LINI UENDE HOSPITALI UPESI?

Nenda siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: maumivu makali, kuona kumepungua na hakurudi ukipepesa, usaha, doa jeupe juu ya jicho, mwanga kuumiza mno, au jicho kuchomwa na mmea. Ukirukiwa na dawa ya kunyunyizia, maji ya josho au chokaa, osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 30, ndipo uanze safari. Usiende kwanza ukaosha baadaye.

Kama dalili ni za kawaida lakini umekanda na kutia matone mwezi mzima bila nafuu, nenda kliniki ya macho. Huko huenda wakaweka karatasi nyembamba pembeni mwa kope kwa dakika 5. Ikilowa chini ya milimita 5, machozi ni machache mno. Huenda pia wakatia rangi ili waone mahali palipokwaruzika. Vipimo hivi haviumizi. Chukua dawa zako zote uzionyeshe.

6. KUPANGA SIKU YAKO

Tuseme mama mmoja ana ng'ombe wawili na robo ekari ya mboga, na macho yake ni makavu. Alfajiri hukanda macho kwa maji aliyoyachemshia chai, kisha hukamua. Palizi huifanya asubuhi kabla upepo haujazidi. Adhuhuri hutia tone na kupumzika kivulini. Siku ya kupukuchua mahindi huvaa miwani. Jioni kazi ya jikoni huigawa na watoto, asikae motoni muda wote. Usiku hukanda tena. Mama huyu hakupona, lakini shamba lake halikulala. Hayo ndiyo tuyatakayo.

Watu wa nyumbani nao wafahamu. Mwenye macho makavu akikataa kupepeta siku ya upepo, asiitwe mvivu. Ugonjwa wake hauonekani kwa nje, lakini maumivu ni ya kweli.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jicho kavu hutoa machozi mengi?
2. Mafuta ya kope hufanya kazi gani?
3. Kwa nini matone yaondoayo maumivu upesi huweza kuwa ya hatari?
4. Chokaa ikiingia jichoni, jambo la kwanza ni lipi?

Ukiisha kusoma, msomee jirani ambaye macho yake hayamruhusu kusoma, kwa kuwa somo hili ni lake zaidi.