SOMO LA WANACHAMA: KUCHAGUA TANGI LA MAFUTA LA PIKIPIKI YA CHAMA



Madhumuni ya somo hili ni kuwasaidia wajumbe wa Bodi, Makatibu, madereva na wanachama wa vyama vya msingi kuchagua tangi jipya la petroli kwa ajili ya pikipiki ambayo tangi lake la asili limekufa au halipatikani tena madukani. Somo lisomwe kwa sauti katika kikundi cha kujifunza, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe na wote.

Tuanze na mfano. Tufikirie chama kimoja cha msingi huko Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba. Chama hicho kina pikipiki ya zamani ambayo mafundi wameirefusha kwa nyuma na kuifunga kichukuzi cha chuma, ipate kubeba magunia ya kahawa ya maganda kutoka kwa wakulima wa mbali hadi ghalani. Baada ya miaka mingi tangi limeoza kwa kutu. Mjumbe mmoja anatumwa mjini. Anarudi na tangi kubwa linalong'aa, lenye rangi nyekundu, na kila mtu anafurahi. Wiki ya pili usukani ukikatwa kushoto hadi mwisho unaligonga tangi. Wiki ya tatu pikipiki inazimika mlimani ilhali petroli imo. Wiki ya nne dereva ananusa petroli mapajani mwake huku injini ikichemka chini yake. Fedha iliyonunua tangi lile ilikuwa ya wanachama, na anayekalia hatari ile ni mtumishi wao.

Kosa la chama hicho ni nini? Ni kuchagua tangi kwa macho. Fundisho letu la leo ni kwamba tangi huchaguliwa kwa kipimo.

1. Pima safari kabla ya kupima tangi

Swali la kwanza si "Tangi hili ni la lita ngapi?" bali "Chama chetu kinahitaji lita ngapi?" Jibu hupatikana hivi. Jazeni tangi hadi alama fulani, andikeni namba ya kilomita, fanyeni kazi ya kawaida pamoja na mizigo, kisha jazeni tena hadi alama ile ile. Gawanyeni kilomita mlizokwenda kwa lita mlizoongeza.

Tuseme pikipiki yetu huenda kilomita 35 kwa lita moja ikiwa na mzigo, na safari yake ya siku ni kilomita 120. Kwa siku moja itatumia lita 3 na nusu hivi. Ikiwa kituo cha petroli ki mbali na dereva hujaza mara moja kwa siku mbili, anahitaji lita 7. Tuongeze lita 2 za akiba, maana akiba haiozi. Basi tangi la lita 10 linatosha, na nafasi kidogo ya hewa itabaki juu.

Tangi la lita 18 lingeleta faida gani? Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu za kilo hivi. Lita 8 za ziada ni kilo 6 zilizowekwa juu na mbele, katika pikipiki ambayo tayari ina magunia nyuma, na katika njia ambazo mvua za masika huzigeuza utelezi. Tena ni petroli ya wanachama inayokaa bure, ikimvutia mwenye mpira wa kunyonyea.

2. Pima fremu

Tangi la pikipiki hukalia mgongo wa fremu kama tandiko linavyomkalia punda. Kwa hiyo lina mfereji chini yake. Pimeni kwa rula mambo haya na kuyaandika kabla ya kwenda dukani: upana na kimo cha mgongo wa fremu, urefu kutoka shingo ya usukani hadi mwanzo wa kiti, mahali pa kushikizia mbele na nyuma, na nafasi iliyopo kati ya tangi na kichwa cha silinda.

Tangi likishawekwa, katisheni usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Usukani, nyaya na mikono ya dereva visiguse tangi. Hakikisheni pia kwamba plagi yaweza kufunguliwa, na kwamba tangi haligusani na chuma popote. Lazima likae juu ya mipira yake, kwani mtikisiko wa barabara za vumbi hupasua bati lililobanwa chuma kwa chuma. Fundi akisema, "Tutalichomelea tu kwenye fremu," mkataeni. Tangi lisiloweza kufunguliwa haliwezi kusafishwa wala kukaguliwa.

3. Angalia njia ya petroli

Katika pikipiki nyingi za kabureta hakuna pampu. Petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake. Hivyo tundu la koki halina budi kuwa juu kuliko kabureta, hata pale pikipiki inapopanda mlima. Ikumbukwe kwamba mlimani petroli hukimbilia nyuma ya tangi. Ikiwa koki iko mbele, petroli iliyobaki chini haitaifikia, na injini itazima ingawa tangi si tupu.

Kadhalika, kwa sababu ya ule mfereji wa katikati, sehemu ya chini ya tangi imegawanyika pande mbili. Tangi lenye koki moja upande wa kushoto huacha petroli upande wa kulia, isipokuwa kama pande hizo zimeunganishwa kwa mpira. Basi lita zilizoandikwa dukani si lazima ziwe lita zinazotumika. Kujua ukweli, pimeni lita mnazotia katika tangi tupu, kisha pimeni zinazotoka kwa koki. Tofauti yake ni petroli ambayo dereva hataipata njiani.

Mfuniko nao uchunguzwe. Ndani yake mna tundu dogo la hewa. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Tundu likizibwa na vumbi au rangi, petroli husita na injini huzimika. Dereva akifungua mfuniko na injini ikakubali tena kuwaka, ugonjwa umejulikana.

Jaribio lake ni jepesi. Injini ikiwa baridi na moto ukiwa mbali, chomoeni mpira kwenye kabureta, fungeni mfuniko, fungueni koki na kukinga petroli chomboni kwa dakika moja. Pikipiki ya mfano wetu, ikienda kilomita 60 kwa saa, hutumia mililita 30 hivi kwa dakika. Koki nzima hutoa maradufu ya hizo bila shida. Ikianza kwa nguvu na kupungua kidogo kidogo, tazameni tundu la mfuniko au chujio.

Angalizo: zipo pikipiki za siku hizi zisizo na kabureta, ambazo pampu yake ya umeme imo ndani ya tangi. Hizo zisifungwe tangi la aina nyingine, kwa kuwa pampu na tangi vimetengenezwa viwe kitu kimoja.

4. Chunguza kitu tangi lilichotengenezwa nacho

Matangi mengi ni ya bati la chuma. Ni imara na hutengenezeka, lakini adui yake ni kutu, na ukanda wetu wa magharibi mwa Ziwa Viktoria una mvua nyingi na hewa yenye unyevu. Maji ni mazito kuliko petroli. Kwa hiyo hukaa chini kabisa ya tangi, kwenye maungio, na hapo ndipo kutu huanzia. Matangi ya alumini hayali kutu kama chuma na ni mepesi, ila ni ghali na si kila mchomeleaji awezaye kuyatengeneza. Ya plastiki ni mazuri iwapo kiwanda kiliyatengeneza kwa ajili ya petroli. Dumu la mafuta ya kula si tangi, na chupa iliyoning'inizwa kwenye usukani si tangi.

Mkinunua tangi lililotumika, fanyeni mambo matatu. Kwanza, pitisheni sumaku juu ya tangi lote. Mahali ambapo sumaku haishiki pana puti chini ya rangi, na chini ya puti huenda pana tundu. Pili, tangi likiwa tupu na limepigwa hewa vya kutosha, tazameni ndani mchana, juani. Msiwashe kibiriti wala mshumaa kamwe. Tatu, tieni mafuta ya taa, liacheni usiku kucha juu ya karatasi safi, na asubuhi mtafute doa. Mafuta ya taa hupenya nyufa ambazo maji hayapenyi.

5. Hatari ya moto

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ulipo moto. Huwaka unapokuwa baina ya asilimia 1.4 na 7.6 katika hewa, na ndiyo maana tangi tupu lililokuwa na petroli ni la hatari kuliko wengi wanavyodhani. Petroli haimo, lakini mvuke umo. Mtu asichomelee tangi la namna hiyo kabla ya kusafishwa na fundi aijuaye kazi hiyo.

Mpira wa petroli uwe wa petroli, si wa maji. Uwekewe vifungio pande zote mbili, na upite mbali na silinda na bomba la moshi. Tangi lisijazwe hadi mdomoni, kwani petroli hutanuka kwa joto: lita 10 zilizotiwa asubuhi ya baridi huongezeka karibu robo ya lita zikipata joto la nyuzi 25 zaidi. Zisipopata nafasi zitatoka nje, juu ya injini.

6. Wajibu wa Bodi

Tangi ni mali ya chama, na mali bila daftari hupotea bila habari. Vipimo viandikwe kabla ya kununua. Bei zitafutwe katika maduka zaidi ya moja. Risiti ihifadhiwe. Dereva na fundi washirikishwe, maana wao ndio watakaoishi na uamuzi huo. Ikiwa rangi ya pikipiki imebadilika na tangi jipya, Katibu ahakikishe kwamba kadi ya usajili inalingana nayo, ili dereva asije akasimamishwa njiani na kahawa ya wanachama ikalala mvuani.

Tukirudi kwenye chama cha mfano wetu, rula moja, sumaku moja na chupa ya mafuta ya taa vingaliwaepusha na hasara yote ile. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na tangi, na tangi ni dogo mno likilinganishwa na mtu.

Maswali ya kujadili

1. Pikipiki ya chama chenu huenda kilomita ngapi kwa lita moja ikiwa na mzigo? Nani aliyepima, na lini?
2. Katika mfano wetu, pikipiki ilizimika mlimani ilhali petroli imo. Tajeni sababu mbili zinazowezekana, na jinsi ya kutambua ni ipi.
3. Mwanachama anajitolea kukipa chama tangi la zamani bila malipo. Bodi ifanye nini kabla ya kushukuru na kulipokea?
4. Dereva anasema ananusa petroli, lakini msimu wa kahawa umepamba moto na magunia yanasubiri. Nani ana mamlaka ya kuisimamisha pikipiki? Jibu lenu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.