Aina za data mitandaoni: Kipimo au lumbesa?

Mkulima na mnunuzi wanapotaja gunia, huenda kila mmoja ana gunia lake kichwani. Lipo gunia la kilo 100 lililoshonwa mdomo, na lipo la lumbesa, lenye kilemba kinachozidisha mzigo. Jina ni moja, uzito ni tofauti, na hasara humwangukia mkulima.

Tatizo hilo limo pia katika mitandao ya kijamii iliyo huria, ambamo seva za wamiliki mbalimbali hupokezana ujumbe kwa kufuata itifaki moja. Kila kinachotumwa hubeba jina la aina yake: ujumbe mfupi, makala, picha, video na kadhalika. Wataalamu wanagawanyika juu ya swali moja: je, aina hizo zifafanuliwe kwa ulegevu au zibanwe?

ULEGEVU NA GHARAMA YAKE

Itifaki ya ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018, ilichagua ulegevu. Katika msamiati wake, ujumbe mfupi ni andishi ambalo kwa kawaida halifiki aya moja, na makala ni andishi la aya nyingi. Haikuwekwa idadi ya herufi, na sehemu nyingi za data ni za hiari.

Faida yake ni upana. Mastodon ya maandishi mafupi, Pixelfed ya picha na PeerTube ya video zote zinatumia itifaki hiyo, na aliyeanzisha mojawapo hakuhitaji kuomba ruhusa kwa mwenzake.

Hata hivyo, gharama humfuata mpokeaji. Mastodon iliundwa kwa ajili ya ujumbe mfupi, na aina nyingine huzigeuza kadiri inavyowezekana. Kwa miaka mingi makala ndefu iliyofika huko ilionekana kama kichwa cha habari na kiungo tu. Baadhi ya programu za kuchapisha makala zikaweka njia ya kuzituma kwa jina la ujumbe mfupi ili zisomeke zote. Mzigo ulifika, lakini lebo haikuaminika tena. Desturi ya programu kubwa ikawa sheria ambayo haikuandikwa popote.

KUBANA NA GHARAMA YAKE

AT Protocol, itifaki ya mtandao wa Bluesky uliofunguliwa kwa umma bila mwaliko Februari 2024, ilifuata njia nyingine. Kila aina ina fomu yake iliyochapishwa. Chapisho la kawaida la Bluesky lazima liwe na sehemu ya maandishi na tarehe, na maandishi yasizidi herufi 300. Fomu ikishaanza kutumika, hairuhusiwi kuongezewa sehemu mpya ya lazima. Anayetaka mabadiliko makubwa sharti atoe fomu yenye jina jipya.

Mpokeaji hapa hana haja ya kubahatisha. Lakini mwenye bidhaa isiyo na fomu anapaswa kutunga yake, kwa jina la anwani yake ya intaneti, kisha kuwashawishi wenye programu nyingine waisome. Programu ya Bluesky haionyeshi aina isiyoifahamu. Mzigo unabaki salama ghalani bila mnunuzi.

SOMO KWA MFANYABIASHARA

Kwa mfano, muuzaji mmoja wa mahindi anaandika "sh. 30,000 kwa gunia" na mwingine "sh. 300 kwa kilo". Kwa gunia la kilo 100, bei ni ile ile. Gunia likiwa na kilo 120, bei ya kwanza imeshuka hadi sh. 250 kwa kilo. Kompyuta haiwezi kuliona hilo iwapo bei na kipimo vimechanganywa katika maelezo ya kawaida.

Kwa hiyo bei, kipimo, kiasi na tarehe vinafaa kubanwa, kwa kuwa ndivyo vinavyohesabiwa. Maelezo ya ubora, mahali na masharti ya mauzo yanaweza kuachwa huru, kwa kuwa yanasomwa na binadamu.

Kabla ya kulipia mfumo wa kutangaza bidhaa, mfanyabiashara anashauriwa kumwuliza fundi maswali matatu: Sehemu zipi ni za lazima? Nani ana mamlaka ya kubadili fomu? Na programu ya mwingine isipoitambua aina hii, mteja ataona nini?